Guapa, kwa Mama Kwanza

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kuzalisha, kwenye maternité moja ya Butembo, niliambiwa nisimame kando, nisiguse kitu. Mukubwa wetu, Masœur Titulaire, alikuwa mutawa Muhispania mufupi mwenye sauti ya kuita batu ng'ambo ya barabara. Mutoto akatoka, akalia. Mimi huyoo, nikamukimbilia. Masœur akanidaka mukono: "Wewe, unaenda wapi? Mama kwanza!" Akamupangusa yule mama jasho, akamuambia: "Guapa!"

Nilishangaa. Kwa Kihispania, guapa ni mwanamuke wa sura ya kupendeza. Mwanaume ni guapo. Sasa huyu, nywele zimesimama, macho mekundu, uzuri uko wapi? Masœur akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kwetu hatungojee mutu avae vizuri. Ninamuambia mama yangu, hata muuza nyanya nikimupenda. Ni kama kumukumbatia." Donc ikawa sheria: kabla ya kupima kilo, kabla ya kusema ni mwanaume ao mwanamuke, mama apate neno lake.

Nilipohamishiwa Beni, Médecin Directeur, mukubwa wa hospitali, alinikuta nikijaza partogramme, ile karatasi ya kufuata uchungu wa mama. "Na hiyo guapa yako, unaiandika wapi?" Nikamujibu: "Docteur, hii haiandikwe, inasemwa." Kesho yake nikamusikia anaisema mwenyewe, kwa haya, shingo imeingia mabegani. Tulicheka siku nzima!

Mwezi wangu wa mwisho wa kazi nilikuwa nimerudi Butembo. Akaja Masika, toka Masereka, pamoja na mama mukwe wake. Nyumbani alikuwa na mabinti tu, na familia ya bwana ilishasema: safari hii kama si mwanaume, arudi kwa bazazi bake. Alizaa vizuri. Binti! Masika akageukia ukuta, akalia kuliko mutoto. Ee Mungu, roho iliniuma.

Mama mukwe akaingia na thermos ya uji. "Ni nini?"

Nikamuacha asimame kwanza. Nikainama, nikamushika Masika shavu: "Guapa!"

"Unamuambia nini?"

Nikamueleza. Akakunja uso. "Hata kama amezaa binti tena?"

"Mama, hii neno haiulizake mutoto. Ni ya huyu mwenye aliumia."

Akakaa polepole pembeni ya kitanda. "Miye nilizaa batoto bale bote," akasema, "na batu bote banakimbilia mutoto. Hakuna hata mumoja aliniangalia." Machozi yakamutoka. Kisha akanyoosha mikono, akapokea mutoto. "Huyu atabeba jina yangu. Sasa aje mutu aniambie nimufukuze mama ya jina yangu!"

Weee! Salle nzima, kila kitanda, vigelegele.

Leo nimeacha kazi, niko retraite hapa Mususa, Butembo, na kazi ile bado ninaipenda. Siku ya soko, yule mama mukwe anapitiaka kwangu na kabichi kichwani, mutoto mugongoni. Masika anakuja nyuma yake, mikono mitupu, anacheka.