Nywele Nilizoacha Sao Paulo

Bafu la hoteli ile lilikuwa na kitu ambacho mimi, fundi wa reli niliyezaliwa Makongeni, mtaa wa watu wa reli Nairobi, sikuwahi kukiona: bomba la mvua lenye nyaya za umeme zilizozungushiwa utepe mweusi, na maji yakipita hapo hapo. Unafungua, taa ya koridoni inafifia, maji yanatoka moto. Wageni wengine waliingia na kutoka wakipiga mluzi. Mimi nilioga kwa beseni siku tatu nzima. Nilishamwona mtu akirushwa na umeme pale karakana, na sikuvuka bahari ili nikafe nimeshika sabuni.

Ilikuwa mwaka uliofuata lile jaribio la mapinduzi la themanini na mbili. Breki mpya za mabehewa zilikuwa zinatoka Brazili, na wakubwa wakaamua watu watatu waende wakajifunze kuzifungua na kuzifunga kwa wiki sita: mainjinia wawili na mimi. Mainjinia walilazwa kwenye hoteli yenye zulia hadi kwenye ngazi. Mimi nikapelekwa karibu na stesheni ya Luz, kwenye hoteli ya ghorofa nne ambako walilala madereva wa malori na watu waliokuja mjini kutafuta kazi. Kitanda kilizama katikati, dirisha lilitazama ukuta, na ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha ubao ili usitoroke nao. Nililalamika? Nililalamika, tena kwa sauti, ila kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyekasirika.

Na baridi! Nyumbani kila mtu alikuwa ameniambia Brazili ni jua na mpira, nami nikabeba mashati ya mikono mifupi. Kumbe Juni yao ni kama Julai yetu, tena na manyunyu yasiyoisha. Kitu kimoja tu kilinipoza roho, nacho ni chakula cha pale chini. Wali, maharagwe, na pembeni sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kabisa. Siku ya kwanza nilichungulia jikoni nione kama hakuna mama wa kwetu Vihiga amejificha humo.

Mwenye hoteli alikuwa mjane, mama wa umri wa bibi, mfupi, wa sweta moja ya kijivu. Alikaa kaunta akilinda funguo na televisheni ndogo. Kila jioni kulikuwa na mchezo wa kuigiza, na ukianza, hata hoteli ingewaka moto ungengoja. Unasimama pale na mvua mwilini, unaonyesha namba ya chumba chako kwa vidole, naye hakuoni. Hatukuwa na lugha moja. Nilijifunza maneno yao ishirini hivi, mengi ya chakula.

Lakini si baridi wala kitanda vilivyonisumbua. Nilikuwa nimemwacha baba mgonjwa.

Baba alikuwa mtu wa reli kabla yangu. Alitia makaa kwenye injini za mvuke ujana wake wote, na alipozeeka nikamchukua akae nami na mke wangu Makongeni, maana hospitali ilikuwa karibu kuliko kijijini. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chini ya kidole kidogo cha mguu kulikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Asubuhi ya safari nilimkuta kwenye kigoda chake uani, karibu na mfereji wa maji, mguu umefungwa bandeji, kofia ya reli kichwani. Nikaanza kujieleza: ukikataa safari kama hii hutatajwa tena. Akaniambia niende, breki hazitaningoja. Nikaenda. Nilijua kidonda cha sukari ni kitu gani, na bado nikaenda.

Basi sikutulia. Nikitoka kwenye mafunzo jioni, napanda chumbani, nashuka, napanda tena. Lifti ilikuwa ya nyavu za chuma na ilipenda kukwama, kwa hiyo nilitumia ngazi, na kufikia wiki ya tatu nilijua kila kipandio kilichovunjika. Mwenye hoteli aliponiuliza kwa mikono nina nini, nilimwonyesha mguu wangu nikamtajia neno lao la baba. Treni ikilia Luz, mimi wima. Makongeni king'ora cha karakana ndicho kilichotuamsha na kutulaza, na mwili wangu haukujua kwamba treni hizi hazinihusu.

Wiki ya tano kulikuwa na sikukuu yao ya kanisa, siku ya Alhamisi, nikaamua kupiga simu. Nyumbani hatukuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni jirani yangu, karani wa reli, mlango wake unatazamana na wangu. Simu ilikuwa mezani kwake ofisini. Kwao asubuhi ni kwetu alasiri. Nikaenda kwenye nyumba ya simu, nikakaa kwenye benchi karibu saa mbili, hadi wakaniita kibanda namba sita.

Kabla sijasema jirani alivyonijibu, lazima nieleze desturi yetu. Kwetu habari ya msiba haitupwi kwenye simu kwa mtu aliye peke yake ugenini. Atashikwa na nani akianguka? Unamwambia watu wako salama, amalize kazi, mtaongea akirudi. Akifika nyumbani anakuta watu uani, na hapo ndipo anaambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfanyia hivyo jirani huyu huyu. Alikuwa ametumwa Mombasa kushikilia kazi ya mtu aliyekuwa likizo, mama yake akafariki, na simu yake ikanikuta ofisini kwao nimeenda kuomba ruhusa ya kusafirisha maiti. Nilimwambia mama hajambo. Nikaongeza kwamba amekula ugali na amekataa mboga. Uongo mtupu, na sikujuta, na alipofika hakuniuliza.

Sasa sauti yake ikaja, mbali, na yangu ikinirudia masikioni. Nikauliza mzee yuko vipi.

"Mzee yuko," alisema. "Watu wote wazima. Wewe maliza kazi, jirani. Tutaongea ukirudi."

Nikamwuliza kidonda. Akasema mzee amekula vizuri, amekula ugali. Halafu laini ikakatika.

Nilitoka kibandani. Amekula ugali! Yalikuwa maneno yangu mwenyewe yamerudishwa kwangu. Nilipita hoteli bila kuiona, nikafika mtaa wa tatu ndipo nikageuka.

Ijumaa nilirudi kwenye nyumba ya simu, laini haikupatikana. Jumatatu nilitoroka mafunzo nikajaribu tena, ikaingia, akapokea mtu mwingine. Nikaomba jirani. Akasema ameomba ruhusa, hayuko, ni mambo ya mzee fulani pale kwao. Hakujua anaongea na nani, na mimi sikumwambia. Nilimwendea injinia mkubwa nikamweleza. Alinipa pole, akasema tiketi haibadiliki, ndege ni Jumatatu ijayo, na kwa vyovyote nisingewahi. Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo.

Usiku ule nilihesabu kwa vidole. Ikiwa alifariki Jumanne au Jumatano, wamempeleka nyumbani magharibi, wamemzika Jumamosi. Siku ya tatu baada ya maziko, wanaume hukaa uani na wana wa marehemu wananyolewa nywele. Siku ya tatu ilikuwa kesho. Ndugu zangu wawili wangeketi kwenye benchi na pangekuwa na nafasi tupu kati yao, nafasi yangu, mimi mkubwa wao. Sikuweza kuzika. Sikuweza kushika jembe. Lakini kichwa nilikuwa nacho.

Jumanne sikwenda mafunzo. Chini ya hoteli kulikuwa na kinyozi wa viti viwili. Nikaketi, nikamwonyesha kwa kiganja: zote. Alicheka kidogo, akaonyesha dirishani kule kwenye manyunyu, kana kwamba ananiuliza kama nina akili timamu. Nikarudia. Aliponitazama usoni kwenye kioo akaacha kucheka. Akaanza na mashine, akamaliza kwa wembe, polepole, na alipomaliza hakufagia mpaka nilipoinuka. Zilikuwa nywele nyingi. Miaka ile sote tulifuga afro, na yangu ilijulikana Makongeni nzima.

Nilipoingia hotelini mchezo ulikuwa ndio unaanza. Nikanyoosha vidole vya namba ya chumba nikijua nitangoja. Yule mama akageuka. Akatazama kichwa changu, akatazama macho yangu, akasema neno moja kwa kuuliza. Lilikuwa katika yale ishirini niliyoyajua. Baba?

Nikatikisa kichwa kukubali. Akainuka akazima televisheni.

Wageni waliokuwa pale wakaguna, yeye hakuwajali. Alinishika kiwiko akaniingiza jikoni, akanikalisha, akanipa supu ya kuku, akaketi kando yangu na mkono wake juu ya upara wangu. Mkono ulikuwa na harufu ya vitunguu. Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kiume, nililia hadi supu ikapoa, na yule mama akalia nami, sijui kama alimlilia baba yangu au mumewe. Siku sita zilizobaki hakuifungua ile televisheni jioni, na mimi sikuwa na maneno ya kumwambia aifungue.

Nikafika Nairobi nikiwa nimejiandaa. Kwenye ndege nilipanga jinsi nitakavyosimama, nitakavyompa jirani mkono na kumwambia nilijua, asijisumbue. Gari la kazini likanishusha Makongeni saa tisa alasiri. Jirani alikuwa amesimama langoni, mikono nyuma, sawasawa kama nilivyotarajia. Aliponiona kichwa, akarudi hatua moja nyuma.

Nikampita. Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mfereji, blanketi mapajani, kofia kichwani.

Nilishika ukuta. Yeye alinitazama kuanzia viatu, akapanda, akapanda, akafika kichwani akakaa hapo muda mrefu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mke wangu alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akaniona, akarudi ndani. Baba akamtazama jirani, akanitazama mimi, na nikaona akielewa. Akainua blanketi. Mguu wa kulia ulikuwa umeishia chini ya goti.

"Wamekata mguu tu," alisema. "Wewe umenizika mzima."

Jirani akaanza kujitetea: angeniambiaje habari ya mguu kwa simu, mtu niko peke yangu, desturi ni desturi, na yeye ndiye aliyelala hospitalini siku nne akimshika mzee mkono. Kila alichosema kilikuwa haki. Nilitaka kumkumbatia, tena nilitaka kumpiga. Nikabaki nazunguka pale uani, natoka kwenye mfereji naenda mlangoni, narudi, hadi baba akaniambia nikae chini, ninamtia kizunguzungu.

Kwetu kumnyolea mtu aliye hai ni jambo baya, ni kumwitia kifo. Nilingoja anilaani. Alivua kofia yake ya reli akanivika, akaamuru nisiivue mbele ya watu mpaka nywele ziote. Watu wa kanisa wangekuja jioni kuniona, waambiwe ni baridi ya Brazili. Kwa jirani na mke wangu akasema, habari hii isitoke nje ya lango. Sisi watatu hatukuitoa.

Baadaye tulipobaki wawili aliniuliza swali moja.

"Ulilia?"

Nikamwambia nililia.

"Na nani?"

Nikamwambia na mama mwenye hoteli. Akavuta blanketi, akasema, "Basi," na hakulitaja tena.

Aliishi miaka minne mingine. Alikufa kijijini, kitandani kwake, nami nilikuwepo, nilimfunga macho kwa mkono wangu. Nilichimba kaburi na ndugu zangu. Siku ya tatu tukaketi uani kwenye benchi, watatu, hakuna nafasi tupu, na nilishukuru Mungu kwamba safari hii nitafanya jambo lile mahali pake na kwa wakati wake. Baba mdogo alikuja na wembe na bakuli la maji. Akaanza na kitinda mimba, akamfuata wa kati. Alipofika kwangu akanipita.

Nilidhani amesahau. Nikainamisha kichwa. Akaniwekea mkono begani akasema mbele ya watu wote:

"Wewe hunyolewi. Mzee aliniachia neno: huyu alishaninyolea, tena alikuwa peke yake. Msimrudishe kule."

Watu walitazamana. Ndugu zangu waligeuka na vichwa vyao vilivyonyolewa wakanitazama, hawakuelewa, na mimi sikueleza. Nilimwomba baba mdogo. Nilimsihi, mtu mzima wa watoto wanne, nikisema nataka kunyolewa kama wenzangu. Akakataa, akamwaga maji. Mkono wangu ulikwenda kichwani, ukashuka, ukaenda tena, haukujua pa kukaa. Pale uani palikuwa na watu tele wa kulia nami, na nililia, lakini macho yangu yalimtafuta yule mama wa sweta ya kijivu.