Kiti cha Safu ya Tatu

Ishbel Rankine hakuwahi kusoma chuo kikuu hata siku moja, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka arobaini na minne. Nafasi ya kusoma hesabu alikwisha kuipata, barua anayo mkononi, baba yake akafa. Badala ya chuo akaingia ofisi ya bima hapo hapo Edinburgh. Mitihani ya watakwimu bima, wale wanaokadiria watu wataishi miaka mingapi ili pensheni isiwaishie njiani, aliisomea kwenye meza ya jikoni, peke yake, akifeli na kurudia kwa miaka kumi na mmoja. Alifuzu, ndiyo, lakini hamu ya darasa haikumtoka.

Sasa chama cha watakwimu bima kikataka kushirikiana na chuo: mwanafunzi akifaulu darasani, asirudie mtihani uleule wa chama. Akatumwa Ishbel kukagua masomo. Asikilize mihadhara miwili, atie saini, basi. Wapi! Alihudhuria tisa.

Kila Jumanne saa nne asubuhi alikuwa safu ya tatu, chupa ya chai miguuni, ananakili kila neno. Mwanafunzi mmoja, Mhairi, alizoea kumwekea kiti kwa mkoba wake.

"Mama, haya yote si unayajua?"

"Nayajua."

"Sasa unaandika nini?"

"Nilijifunza mwenyewe, mwanangu. Sijawahi kufundishwa."

Mwalimu wao, Dakta Lorne, akamdaka mlangoni. "Dada Ishbel, unakagua au umehamia?"

"Kuna mambo sijaridhika nayo."

"Mambo gani?"

Ishbel akakaza kifuniko cha chupa yake ya chai.

"Ijumaa ndiyo mwisho," Lorne akasema taratibu. "Usiposaini, hawa wote watarudia mitihani. Adha yake unaijua kuliko mimi."

Aliijua mno. Ila chama kina desturi yake: mkaguzi akishasaini, hakanyagi tena darasa lile, watu wasije wakasema anapendelea. Ishbel alijionea aibu. Mwanamke wa miaka sitini na miwili, jamani, anawachelewesha watoto wa watu kwa sababu ya kiti!

Ijumaa akasaini. Alilia kidogo kwenye basi, akapenga kamasi, akaenda kununua mkate.

Jumanne miguu ilimpeleka yenyewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Kupitia kioo chake aliuona mkoba wa Mhairi juu ya kiti, safu ya tatu. Lorne alikuwa ameuliza swali na darasa zima limenyamaza.

Jibu Ishbel alikuwa nalo. Akalitamka kwa sauti ndogo, peke yake pale nje ya mlango, kisha akashuka ngazi kurudi kazini.