Mzee wa Mwezi Sufuri

Sikuwa nimemaliza chai mkurugenzi wa hospitali alipopiga simu ofisini kwetu katikati ya jiji na kuanza kunifokea kabla ya salamu. Sistimu imekufa, alisema. Kompyuta zote, kuanzia mapokezi hadi duka la dawa, zinafunguka, zinaonyesha orodha ya wagonjwa wa leo kufumba na kufumbua, kisha zinajifunga. Programu ile iliandikwa na mwenzangu aliyekuwa ameshapata kazi nzuri kwingine, na mimi ndiye niliyeachiwa matatizo yake.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, kando ya Waiyaki Way ukishapita Kangemi. Magari yalikuwa yamekwama, nikashuka kwenye gari la kampuni na kutembea kipande kilichobaki, mkoba wa laptop ukinigonga nyonga. Nilikuwa na hasira na kila mtu barabarani.

Mapokezi palijaa watu hadi mlangoni. Kwenye kitanda cha magurudumu kilichoegeshwa ukutani alilala mzee mwembamba, magoti ameyakunja hadi tumboni, na binti yake, mama wa makamo, alikuwa amemshika mkono. Sista wa zamu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wametoka Kabiria, kwamba utumbo wa mzee umejisokota, na daktari wa upasuaji yuko tayari anamsubiri. Lakini chumba cha upasuaji hakimpokei mgonjwa bila fomu ya ridhaa iliyotoka kwenye kompyuta.

"Si muandike na mkono?" nikamuuliza.

"Tulikatazwa. Kuna mgonjwa alipewa faili ya mwingine, mkurugenzi akasema makaratasi ya mkono basi."

Nilimpigia mkurugenzi. Akanijibu kwamba sikuitwa kumfundisha kuendesha hospitali, nirekebishe nilichokuja kurekebisha. Nikakaa chini, nikafungua laptop haraka, kwa sababu mzee alikuwa anaguna nyuma yangu na kila mguno niliusikia mgongoni.

Nilijua mahali pa kuanzia. Programu ilipofungua orodha, ilihesabu umri wa kila mgonjwa, na ilikuwa inafia humo humo kwenye kuhesabu. Nikafungua hifadhidata moja kwa moja, bila kupitia programu, nikaigawa orodha nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanguka. Nikaigawa tena, na tena, hadi likabaki jina moja. Mbele yake, kwenye tarehe ya kuzaliwa, paliandikwa 00/00/1929.

Karani wa mapokezi hakuwa amekosea. Aliandika kama kitambulisho kilivyosema. Wazee wengi wa kwetu wanajua mwaka waliotahiriwa kuliko siku waliyozaliwa, na zamani afisa wa vitambulisho akikutana na mtu kama huyo alimwandikia tarehe moja Januari, au, akiwa mkweli sana, sufuri. Hifadhidata ilizimeza sufuri hizo bila kulalamika. Programu ndiyo iliyopaliwa, maana haikujua mwezi wa sufuri ni upi. Na jina lile, sista alinithibitishia, lilikuwa la mzee aliyelala nyuma yangu. Alikuwa ameizima hospitali nzima bila kujua, naye mwenyewe akiwa wa kwanza kungoja.

Bosi wangu, Mhindi aliyezaliwa papa hapa Nairobi na asiyependa simu ndefu, aliniambia nilipompigia, "Weka fasti January, kwisha. Wewe nafikiria nini?"

Sikufikiria. Niliweka moja Januari, kompyuta zikaamka zote, watu wakashusha pumzi, na fomu ikachapishwa. Sista akampelekea mzee pamoja na kalamu. Mzee akaisoma polepole, kisha akaisukuma.

"Hii si mimi," akasema.

"Guka, ni wewe," nikamwambia, kama ninavyomwita babu yangu. "Nimebadilisha tarehe tu ndio mashine ikubali."

"Kitambulisho yangu iko na sufuri. Title ya shamba nilichukua na hiyo kitambulisho. Nikifia huku na karatasi ya mtu mwingine, hawa watoto watapelekwa korti mpaka wazeeke."

"Baba, weka sahihi tu," binti yake akasema huku analia. Mzee akafumba kiganja.

Nilimkasirikia mzee yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na nilijua anasema kweli. Nani asiyejua familia iliyozungushwa na ofisi za serikali kwa sababu ya tarakimu moja? Nikarudi kwenye kiti, nikafungua programu yenyewe, nikatafuta mahali inapohesabu umri. Niliandika kwamba ikikuta siku na mwezi ni sufuri itumie mwaka peke yake, na ichapishe tarehe vile vile ilivyo. Mistari michache tu, lakini nilikosea mara kwa mara, nikifuta na kuandika upya. Mzee alikuwa ameacha kuguna, na kimya hicho kilinitisha zaidi.

Fomu ya pili ilitoka na sufuri zake. Akaitazama, akatia sahihi, wakamsukuma kwenda ndani.

Mchana nilikuwa bado pale, nikiweka programu mpya kwenye kompyuta ya mwisho, daktari alipotoka. Mzee hakuamka. Nilimsikia daktari akimweleza binti kwamba utumbo ulikuwa umeshaoza tangu jana yake, na kwamba hata wangemwahi mapema hajui kama ingesaidia. Alisema hajui. Nilitamani sana aseme hapana.

Taarifa ya kifo nayo ilitoka kwenye kompyuta. Binti akatoa kitambulisho cha baba yake, akakilaza kando ya karatasi, akapitisha kidole chini ya kila tarakimu. Zililingana. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante," akasema. "Umemfanyia vile alitaka."

Nilirudi mjini nikamwambia bosi sistimu inafanya kazi.