Watoto Niliowaandika Mpwapwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Takwimu wa wilaya alinikabidhi rejesta ya kaya. Kaya, alinieleza, ni watu wanaokula chungu kimoja, hata kama wanalala nyumba tofauti. "Binti, andika unachokikuta," akasema, "si unachokipenda."

Enzi hizo vijiji vya Mpwapwa vilijaa watoto, lakini kina mama walisita kuwataja. Mama Nyemo, mkulima wa uwele, aliniambia ana wanne.

"Mbona nasikia kilio chumbani?"

"Huyo bado mgeni. Ukimhesabu, ataondoka."

Niliona haya kumbishia, nikaandika wanne. Baadaye surua ilizuka, chanjo ikaletwa kwa hesabu yangu, ikaisha kabla ya foleni kuisha. Mama Nyemo alikuwa bado amesimama, mtoto mgongoni. Mpaka dozi nyingine zilipofika, kila siku nilipita kwake kumgusa yule mtoto paji la uso. Alinusurika. Tangu hapo niliomba kuonyeshwa kila mtoto kwa macho.

Nilihamishiwa Kondoa, kisha ofisi ya mkoa, nikarudishwa Mpwapwa nikikaribia kustaafu. Kijiji kimoja kilinitia hofu: nyumba zipo, watoto hawapo. Vijana walikuwa wamehamia Dodoma mjini, wengine wakijenga ofisi za serikali kule Mtumba, na watoto wao walizaliwa huko huko. Waliobaki walizaa wawili, watatu, basi. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto tisa.

Mwalimu mkuu alinifuata hadi kwenye gari. "Shikamoo, mama. Niongezee ishirini tu. Wakiona tisa, watatuunganisha na shule ya ng'ambo ya korongo."

"Marahaba, mwalimu. Hao ishirini nitawatoa wapi?"

Niliandika tisa. Chini ya ukurasa nikaeleza jinsi korongo lile linavyofurika wakati wa mvua. Mkuu wa idara yangu alisoma tarakimu, maelezo hakuyafikia. Shule ziliunganishwa.

Siku hizi makarani wanahesabu kwa vishikwambi, nao huniuliza kama ninajuta. Ile tisa siijutii. Ninachojutia ni kuyaacha maelezo yangu karatasini, badala ya kumpeleka mkuu wangu akalivuke korongo kwa miguu yake.

Asubuhi mawingu yakitanda upande ule, siinywi chai mpaka nimpigie mwalimu.

"Wamevuka wote, mama," hunijibu.

Namshukuru Mungu, kisha naanza kuisubiri saa yao ya kurudi.