Nyota Waliyompa Muuaji wa Baba

Mama yangu, Mbeti, hakuwa mtu wa kusamehe. Nasema mapema, asije mtu wa kanisani akanisimulia alivyokuwa mpole. Pale Makongeni, katika nyumba ya reli niliyopewa nilipoajiriwa kupokea simu za reli, alimnunia jirani mmoja miaka kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Jirani huyo alipohamia mtaa wa Tena, Mama alilikodolea macho lori la vyombo mpaka likapotea, akasema, "Aende."

Alichokipenda kuliko watu ni nyota ya shaba ya Baba, aliyoitunza imefungwa kwenye leso. Baba, jina lake Mativo, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mfalme. Alipigana na Wajapani huko Burma akarudi na nyota hiyo. Baadaye wakampeleka Malaya kuwawinda wakomunisti msituni, na huko hao wakomunisti wakamuua mimi nikiwa tumboni. Mwili haukuja. Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, Mama aliivaa nyota kifuani upande wa kulia, kama ilivyo desturi ya wajane. Kushoto ni kwa aliyeipigania mwenyewe.

Sasa, palikuwa na Naftaly Mbuthia, sajini mstaafu, katibu wa wazee wa Keya mtaani kwetu. Aliwahi kumposa Mama, Mama akamjibu kwa kicheko, na kicheko kile hakikumtoka moyoni. Jumamosi moja, mwaka wa sabini na saba, alimkuta Mama akiuza makaa, wateja wamejaa.

"Mama Syombua," akasema, akimwita kwa jina langu, kwa sauti ya kila mtu asikie, "hiyo nyota unajivunia, unajua nani mwingine alipewa? Yule mkubwa wa makomunisti wa Malaya. Kabla hajaanza kupigana na Mzungu, walikuwa wanapiga Mjapani pamoja. Mfalme akampa nyota kama ya bwana yako, na heshima ingine kubwa juu yake. Nimesoma kwa kitabu."

"Uongo wako."

"Si uende uulize!"

Wateja wakacheka. Mimi nilitamani kumjaza yule mzee makaa mdomoni.

Usiku ule Mama aliiweka nyota mezani, akaitazama bila kuigusa. "Kama ni uongo," akasema, "atapiga magoti mbele ya kanisa lote. Na kama ni kweli..." Nilijua alichokiogopa. Ikiwa aliyewaamuru watu wamuue Baba alivalishwa nyota ile ile, basi kile alichokifunga kwenye leso maisha yake yote hakikuwa heshima ya mumewe. Kilikuwa chuma tu.

Tulienda kwenye ofisi moja ya Waingereza mjini. Kijana mmoja mwenye adabu alitusikiliza, mimi nikitafsiri, akaomba muda wa kuulizia kwao. Tuliporudi, uso wake ulituambia kabla ya mdomo. Ile heshima kubwa ina ubishi, alisema. Wapo wanaoshikilia kwamba ilifutwa, na wapo wanaosema haikufutwa kamwe. Lakini nyota alipewa, hilo halina shaka, na picha ya siku aliyovalishwa ipo.

Mama aliuliza jambo moja. "Alipoanza kuwaua askari wenu, mlimwambia arudishe?"

Kijana akasema hajaona popote kwamba kuna aliyemwomba.

"Basi mwambie," Mama akaniambia, huku bado anamtazama yule kijana. "Mwambie Mativo alipokufa, karani alikuja mpaka kwetu Machakos, mimi nina tumbo lako, akachukua koti la jeshi ambalo marehemu aliliacha nyumbani. Nilikuwa nimejifunika. Akasema ni mali ya Mfalme. Koti walifuata mpaka kitandani kwangu. Nyota ya muuaji wakamwachia."

Nilitafsiri vibaya kwa sababu nilikuwa nalia kwa hasira. Koti hilo sikuwahi kulisikia. Kijana akasema anasikitika sana, na Mama akainuka tukaondoka.

Nilidhani ataitupa nyota chooni. Badala yake aliisugua kwa majivu na ndimu hadi ikang'aa, kisha akamfuata Naftaly mwenyewe.

"Sajini, ulisema kweli. Novemba kaa karibu na mimi. Nataka kusalimia mgeni anayetumwa na Waingereza, na Kizungu chako ni kizuri."

Mzee akavimba kichwa. Ilikuwa inanong'onwa kwamba wazee wachache wa Keya watachaguliwa na Waingereza kwenda London, na yeye alikuwa ameshajihesabu ndani ya ndege. Siku ilipofika alikuja na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukukata.

Mgeni alipita mstarini akishika mikono ya wazee na wajane. Alipomfikia Mama, Mama akaifungua nyota kifuani, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole mwenyewe.

"Mpelekee yule mkubwa wa msituni," akasema. "Mlimpa ya kuua Wajapani. Ya kumuua Mativo bado hamjampa. Ndiyo hii."

Naftaly aliwatazama waliosimama mstarini. Kisha kwa Kiingereza chake cha kambini akasema mama huyu anamtumia Malkia salamu za heshima.

"Hakusema hivyo," nikasema nikiwa nyuma yao.

Mama alikuwa ameshamshika mzee mkono wa koti. "Sajini. Sema vile nimesema."

"Mama Syombua, tafadhali, watu wanaangalia..."

"Hata kwa makaa yangu walikuwa wanaangalia. Sema."

Akasema. Yote, neno kwa neno, na mgeni akimkazia yeye macho kana kwamba maneno ni yake. Mgeni alijaribu kurudisha nyota. Mama akaweka mikono nyuma. Bendi ilikuwa inangoja, wakubwa wanangoja, na yule bwana amesimama na nyota ya baba yangu mkononi, hawezi kuiangusha, hawezi kuivaa. Mwishowe aliitia mfukoni. Nilimtazama akiitia na nikafurahi, wala sioni haya kusema.

London walienda wengine. Naftaly hakuitwa hata kwenye kikao cha kuwachagua.

Jioni ile Mama alipika isyo, mahindi na maharagwe, akajipakulia sahani ya kilima. Nilimuuliza kama hataililia ile nyota.

"Nitaililia," akasema. "Lakini si leo. Leo acha nile."