Maksai Wawili wa Kompyuta Yangu

Mwenye duka pale Singida mjini alinionyesha prosesa mbili za kompyuta yangu ya gemu: ya kori mbili, ambayo hela yangu iliitosha, na ya kori nne, ambayo ningeisubiri mpaka tuvune tena alizeti. Nikarudi nyumbani Ihanja nimenuna. Baba, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akaniuliza hizo kori ni kitu gani. Nikamjibu kwa mkato, ili aniache, kwamba ni kama maksai: kuna kompyuta inayolima na wawili, na kuna inayolima na wanne.

Nilidhani yameishia hapo. Baba akaweka kikombe chini.

"Hilo gemu lako ni shamba la kichanga au la mbuga, lile la udongo mzito?"

Lilikuwa gemu la mpira, zito kweli, uwanja umefurika watu. Nikasema la mbuga.

"Basi wawili hawaliwezi. Subiri."

Nisubiri nini? Nikanunua ya kori mbili. Jumapili, baada ya kanisa, nikaiwasha mbele yake makusudi, aone. Kabla ya mapumziko wachezaji wote wakaganda, mpira ukiwa hewani. Nikaanza kuizaba kompyuta makofi. Baba akanishika mkono.

"Usiwapige. Wafungue wapumzike."

Siku hizi nina ya kori nane, na Baba tulishamzika. Juzi nayo iliganda. Mkono ulikuwa umeshainuka. Nikaushusha, nikaizima, wapumzike.