Blanketi la Mongia

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Mongia katika maabara ya mji wa Sfax ilikuwa kukata. Plastiki iliyopikwa kwa mafuta ya zeituni aliikata kwa wembe, akabananisha vipande, akangoja vishikane vyenyewe. Havikushikana. Siku moja ya baridi, kwa kuchoka tu, alivifunga katika blanketi lake la sufu, kama mama yake alivyofunika unga wa mkate uumuke, akavipakata. Baada ya nusu saa hakuona hata kovu.

Akamwambia Profesa Ridha, mkuu wa maabara. Profesa akaandika makala, akasifiwa, akavishwa nishani. Jina la Mongia halikutajwa popote.

"Mbona umenuna, dada?" Profesa alimuuliza. "Si sote familia moja? Halafu, jamani, blanketi nalo ni sayansi?"

Siku ya maonyesho wageni walijaa ukumbini kutazama plastiki inayojiponya. "Dada yetu ataikata!" Profesa akatangaza.

Mongia akaikata. Akabananisha vipande juu ya marumaru ya baridi, kisha akajitanda blanketi lake mabegani, akakaa.

Nusu saa ikapita. Wageni wakaanza kukohoa na kutazama saa. Profesa, jasho likimtoka, akamwinamia sikioni: "Vipakate, dada. Nakuomba, usiniaibishe."

"Blanketi si sayansi," Mongia akajibu, na sauti ikafika viti vya nyuma kabisa. "Haya, Profesa. Iponye wewe."